UZI: Sekunde 55 ambazo hakuna aliyeshika ndege (Douala, Mei 2007)

Fundi Mabawa

Wakuu, salamu kwenu.

Kila ndege ikianguka, humu ndani majibu hufika kabla ya magari ya zimamoto. Mmoja anasema radi, wa pili injini, wa tatu ana shemeji yake uwanja wa ndege kamnong'oneza. Siwacheki, hata mimi hubahatisha. Ila leo nimeleta ajali ambayo ripoti yake ilishatoka siku nyingi, tuifungue taratibu tuone tulibahatisha nini na kikakutwa nini. Ufundi wa ndege nimeufanya miaka kumi na saba, sasa nafuga kuku Kibaha. Nikikosea bei ya pumba mnivumilie.

Ni Kenya Airways, safari namba 507, kutoka Abidjan kwenda Nairobi kupitia Douala, Cameroon. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 5 Mei 2007. Ndege ni Boeing 737-800 iliyopokelewa Oktoba 2006, bado inanukia upya. Ndani watu 114. Pale Douala dhoruba ilikuwa imekaa juu ya uwanja, safari ikasogezwa kama saa moja. Ndege za mashirika mengine mawili nazo zilikuwa zimeegesha zinasubiri mvua ipungue, na zikaendelea kusubiri. Hii ikaondoka, saa sita na dakika sita usiku, tena bila mnara kuipa ruhusa ya kuruka. Haikufikisha dakika mbili hewani. Hakuna aliyepona.

Nitaendelea. Wenye kumbukumbu ya siku ile wekeni hapa.

Mwana wa Embakasi

Umenirudisha mbali sana. Asubuhi hiyo nilikuwa pale Jomo Kenyatta kumpokea mtu wa ndege nyingine kabisa. Hii ya Douala ilikuwa ifike saa kumi na mbili na robo. Watu wakaambiwa imechelewa, wakanunua chai, wakakaa. Kuna mama alikuwa na mtoto amevaa sweta ya shule siku ya Jumamosi. Sijui kwa nini ni hiyo sweta tu imebaki kichwani mwangu. Ile chai ikapoa. Nilipoondoka, wao bado wamekaa.

Kilichotuuma sisi Wakenya ni kwamba siku hiyo ilikwisha na hakuna aliyejua ndege iko wapi.

Fundi Mabawa

Mwana wa Embakasi, na hapo ndipo damu yangu huchemka. Walianza kuitafuta maeneo ya Lolodorf, zaidi ya kilomita mia moja kutoka uwanjani, msituni. Helikopta zikazunguka huko. Kumbe ndege iko Mbanga Pongo, kwenye mikoko, kilomita 5 na kidogo kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Kwa mtu wa Dar, ni kama Mwenge hadi Morocco na hatua kadhaa mbele. Zilipita zaidi ya saa 40 ndipo ikaonekana, nayo imejizika kwenye tope.

Mchunguzi akifika eneo kama lile haanzi kuuliza nani kakosea. Anatazama ardhi. Je, vipande vimetawanyika kilomita nyingi au vimerundikana? Vikitawanyika mbali, ndege ilikatikia angani: bomu, au bodi kuchanika. Vikiwa sehemu moja kama Mbanga Pongo, na mabawa na mkia vyote vipo hapohapo, ndege ilifika chini ikiwa nzima. Hapo umeshafuta mistari miwili kwenye orodha yako na hata kofia hujavua.

Ngosha Mkavu

Mkuu heshima yako, lakini ndege ya miezi sita ianguke yenyewe? Hapana. Hapo pana mkono wa mtu. Ama radi, maana wote tunajua kulikuwa na mvua. Ama injini zote mbili zilizima, magazeti ya wakati ule yaliandika.

Fundi Mabawa

Ngosha, ndiyo maana nimekuletea ajali iliyokwisha kuchunguzwa. Tuchukue hizo tatu.

Bomu huacha sahihi yake. Bati lililopasuliwa na mlipuko lina vishimo vidogovidogo kama limetobolewa na misumari ya moto, na kingo zimejikunja kwa namna ambayo kugonga ardhi hakuwezi kuzikunja.

Injini nayo husema. Yale mapanga makubwa ya mbele, unayoyaona ukipanda ngazi, yakiwa yanazunguka kwa nguvu wakati wa kugonga hupinda yote upande mmoja, kinyume na mzunguko. Injini iliyosimama, mapanga yake hukunjwa tu pale yalipobanwa. Kuna mbinu nyingine ya kizamani ninayoipenda: taa za onyo zenye balbu. Balbu iliyokuwa inawaka wakati wa kishindo, uzi wake wa ndani huwa wa moto na laini, kwa hiyo hunyooka na kurefuka. Iliyokuwa imezimwa, uzi hukatika vipande vikavu. Fundi mzuri anaokota balbu kwenye matope na kukwambia taa gani ilikuwa inawaka mbele ya rubani.

Radi hugonga ndege kila mwaka duniani na ndege zikatua, abiria wakaendelea na safari. Haiwi sababu mpaka ukute ilichoharibu.

Kisha vikaja visanduku. Vinaitwa vyeusi lakini vina rangi ya machungwa. Kile cha kumbukumbu za safari kilipatikana tarehe 7 Mei, kile cha sauti kikakaa kwenye tope mpaka 15 Juni. Vilisomwa Canada. Injini zote mbili zilikuwa zinafanya kazi mpaka mwisho, na ndege ilikuwa inatii kila ilichoambiwa.

Iliambiwa nini? Hapo sasa.

Bibi Tatu

Nimeweka maji ya chai. Endelea mwanangu.

Fundi Mabawa

Shikamoo Bibi. Naendelea.

Ndege ile ilikuwa na katabia kadogo ka kuvutia kulia. Si ubovu wa kutisha. Baiskeli nyingi zina hiyo, unaiweka sawa kwa mkono bila kufikiri. Rubani mkuu alikuwa ameshika usukani, na alipopaa akawa anairudisha kushoto kidogokidogo. Ikiwa juu ya futi 1,000 akasema neno la kuagiza otopailoti, ule mtambo unaorusha ndege wenyewe, iwashwe. Msaidizi hakulirudia lile neno. Hakuna kilichobonyezwa kikashika. Na hakuna kati yao aliyetazama kuhakikisha.

Rubani akaachia usukani.

Kwa sekunde 55 ndege haikuwa mikononi mwa mtu wala mwa mashine. Nje ni giza tupu, mawingu, hakuna taa ya mji wala mstari wa upeo. Nayo ikaanza kulala upande wa kulia, polepole, mpaka kufikia nyuzi 34.

Piga hesabu. Nyuzi 34 ukigawa kwa sekunde 55 ni kama nusu nyuzi na kidogo kila sekunde. Sasa tazama saa ya ukutani: mshale wa sekunde hutembea nyuzi 6 kila sekunde. Ndege ilikuwa inalala kwa moja ya kumi ya mwendo wa mshale ule. Sikio la ndani la binadamu, lenye vile vimiminika vya kutuambia tumeinama, halishtuki kwa mwendo huo. Kwa mwili wake, yule rubani alikuwa amekaa wima kabisa.

Na chai isingemwagika, Bibi. Ndege ikilala na kupinda kwa ulaini, chai kikombeni hulala pamoja nayo. Ukiangalia kikombe unaapa uko sawa.

Mjukuu wa Pwani

Hii ya sikio sijaielewa. Mtu analala pembeni nyuzi 34, zaidi ya theluthi ya njia ya kufika nyuzi 90, asijue?

Fundi Mabawa

Mjukuu, fanya jaribio hili leo. Chukua kiti cha ofisini kinachozunguka. Mkalishe mdogo wako, mfunge kitambaa machoni, mwambie anyooshe dole gumba upande anaohisi anazungukia. Mzungushe kwa mwendo uleule usiobadilika, bila kumshtua. Baada ya nusu dakika hivi dole litashuka, atakwambia umesimama, na wewe bado unamzungusha. Kisha kisimamishe kiti kweli. Ataapa sasa anazunguka upande wa pili, na atajishika asianguke.

Binti yangu nilimfanyia hivi sebuleni, akanyoosha kidole cha kinyume kwa uhakika wa ajabu, mama yake akacheka mpaka akakaa chini. Kwenye kiti unacheka. Kwenye chumba cha marubani usiku, kitu pekee cha kukukatalia uongo huo ni kile kipimo cha upeo mbele yako, nusu bluu nusu kahawia. Ripoti inasema wazi kwamba katika kulala kule kwa polepole, vipimo havikupitiwa kwa macho.

Kadeti

Nipo mwaka wa kwanza wa urubani. Swali: mbona ndege haikupiga kelele?

Fundi Mabawa

Ilipiga, kijana. Mfumo wa 737 hutoa sauti ya onyo ndege ikilala nyuzi 35. Rubani alikuwa ndiyo kwanza anaurudia usukani sauti ilipotoka. Ila ile sauti inakwambia umelala. Haikwambii umelala upande gani.

Sasa jiweke hapo. Mwili unasema uko wima. Sauti inasema umelala. Unashtuka. Akazungusha usukani kulia, yaani akaongeza. Kisha kushoto. Kisha kulia tena. Ndege ikafika nyuzi 50. Hapo otopailoti ikawashwa, na kumbukumbu zinaonyesha ndege ilianza kutulia. Halafu mikono ikarudi kwenye usukani. Nyuzi 70. Kisha mguu wa kulia ukakanyaga pedeli ya mkia na kubaki pale, na ndege ikapita nyuzi 90, ikageuka kuwa inaanguka kwa kuzunguka. Wakati wote huo haikuwahi kufika hata futi 3,000.

Msaidizi naye alisikika akisema kulia, kisha akajisahihisha kwa haraka: kushoto, kushoto, kushoto. Alikuwa ameliona. Ila alikuwa amechelewa, na neno la kwanza lilitoka kinyume.

Waligonga chini pua ikitazama nyuzi 48 kwenda chini.

Ngosha Mkavu

Kwa hiyo ni makosa ya rubani. Mods fungeni uzi.

Fundi Mabawa

Ungekuwa bosi wangu enzi zile ungenipenda, Ngosha, maana "makosa ya rubani" ni jibu la bei rahisi kuliko yote. Rubani kafa, hajibu.

Ripoti ya Cameroon, iliyotoka Aprili 2010, inataja kupotewa na mwelekeo angani kama kiini. Lakini inaongeza: usimamizi hafifu wa shughuli za safari, marubani kutofanya kazi kama timu, kutofuatwa kwa taratibu za kuangaliana, na mkanganyiko wa otopailoti. Rubani mkuu alikuwa na miaka 52 na zaidi ya saa 8,500 hewani. Msaidizi alikuwa na miaka 23 na saa mia nane na ushei. Udhaifu wa mkuu, ukiwemo huu wa kuzingatia taratibu, ulishaonekana kwenye mafunzo yake kabla ya usiku ule. Ukiulizwa sababu ni nini, utaanzia wapi? Kwenye kidole ambacho hakikubonyeza, au kwenye faili lililokuwa ofisini?

Bibi Tatu

Miaka 52 na miaka 23. Huyo ni baba na mtoto. Kwetu mtoto gani anamwambia baba yake umepotea njia? Anakohoa kidogo, basi.

Fundi Mabawa

Bibi, umegonga penyewe. Ripoti inamweleza mkuu kama mtu wa sauti ya juu kwa walio chini yake, na msaidizi kama kijana mpole asiyejisukuma mbele. Kukohoa ndiyo neno lenyewe.

Ila tusilibebe kama ugonjwa wetu Waafrika peke yetu. Tenerife, visiwa vya Canary, tarehe 27 Machi 1977: rubani mkuu wa KLM, shirika la Uholanzi, jina kubwa pale kwao, alianza kuruka bila ruhusa kwenye ukungu, na ndege nyingine bado iko kwenye njia ileile. Mmoja wa wasaidizi wake aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka kwenye njia. Akajibiwa kwa mkato, akanyamaza. Zikagongana. Wakafa watu 583, na mpaka leo ndiyo ajali kubwa kuliko zote za usafiri wa ndege. Kule Uholanzi hawasemi shikamoo.

Mwana wa Embakasi

Na ile ya Abidjan 2000? Sisi huku zote mbili tunaziweka kapu moja. Shirika moja, pwani ileile ya Magharibi, usiku, muda mfupi baada ya kuruka.

Fundi Mabawa

Tarehe 30 Januari 2000, Airbus A310, watu 179, wakapona 10. Usiku huo ilikuwa inatoka Abidjan kwenda Lagos. Zinafanana kwa nje, ndani zimegeuziana mgongo.

Abidjan, mara tu magurudumu yalipoachana na lami, kengele ikalia kwamba ndege inapoteza nguvu ya kuelea. Ilikuwa kengele ya uongo, ndege ilikuwa inapaa vizuri. Aliyeshika akafanya alichofundishwa, akasukuma pua chini. Tatizo chini yake kulikuwa na bahari tu, giza, na hakukuwa na kimo cha kutosha kukosea na kurekebisha. Yaani pale mashine ilidanganya na binadamu akaamini. Douala mashine ilisema kweli, na mwili wa binadamu ukadanganya.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "marubani waamini vipimo, basi", namuuliza: kipi? Abidjan walikiamini. Ndiyo maana wanafundishwa kulinganisha kimoja na kingine, mwendo na pua na nguvu za injini, tena kwa sekunde ambazo mimi na wewe tungezimaliza kwa kupiga yowe.

Ngosha Mkavu

Sawa. Lakini nani kaandika ripoti? Mmarekani ana Boeing yake, atakubali kusema ndege ni mbovu?

Fundi Mabawa

Shaka yako hii siidharau. Utaratibu wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kiambatisho cha 13, unampa uongozi wa uchunguzi nchi ambako ndege imeangukia. Kwa hiyo hapa ni Cameroon. Kenya inaingia kwa sababu ndege imesajiliwa kwake, Marekani kwa sababu ndiko ilikotengenezwa. Kila mmoja ana haki ya kuweka maoni yake yakichapwa pamoja. Na hugombana kweli. Ile 737 ya Flash Airlines iliyoanguka Sharm el-Sheikh Januari 2004, watu 148, ndege ililala kulia polepole usiku juu ya bahari, pacha wa Douala kabisa. Wamisri hawakukubaliana na Wamarekani na Wafaransa mpaka leo. Ile ya Ethiopian iliyotoka Beirut Januari 2010, Lebanon wakasema marubani, Ethiopia wakakataa.

Na mara nyingine anayekataa ndiye mwenye haki. Machi 2019, ile 737 MAX ya Ethiopian ikitoka Addis kuja Nairobi. Watu 157, Wakenya 32, kundi kubwa kuliko taifa lolote ndani ya ndege ile. Miezi minne na ushei nyuma 737 MAX ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia vilevile, na wapo walioanza kunong'ona kuhusu marubani wa nchi maskini. Kumbe kuna programu ndani, inategemea kihisio kimoja tu, kihisio kikitoa namba mbovu inasukuma pua chini, ikizuiwa inasukuma tena. Kabla ya ile ya Lion Air, marubani wengi hawakuwa wameambiwa hata kwamba ipo.

Kwa hiyo, Ngosha, shuku. Ila shuku ukiwa na mistari ya kumbukumbu mbele yako. Ya Douala, gurudumu la usukani limekaa bila kuguswa sekunde 55, huo mstari hauna Mmarekani ndani yake.

Mjukuu wa Pwani

Nimefanya jaribio la kiti. Mdogo wangu kaanguka, mama kanifukuza sebuleni. Ila nimeamini.

Swali la mwisho: kuna chochote kilichobadilika?

Fundi Mabawa

Pole ya mama. Kuna kimoja nakipenda kwa sababu ni kidogo. Kwenye 737 MAX Boeing wameweka onyo jipya la kulala: badala ya kukwambia tu umelala, sauti inakutajia upande wa kuzungushia usukani, na mshale mwekundu unajitokeza kwenye kipimo cha upeo kuelekeza hukohuko. Kulia au kushoto, basi. Ukisoma zile sekunde za mwisho za Douala, kulia, kushoto, kulia, unaelewa kwa nini mtu alikaa mezani akachora mshale.

Kadeti

Mzee Fundi, sasa nimeelewa kitu. Mwalimu wangu ana tabia ya kunigonga vidole na kalamu. Nikibonyeza kitufe kwenye simyuleta na kuendelea na mengine, ananigonga. Anataka ninyooshe kidole kwenye skrini nisome kwa sauti kilichoandikwa. Nilidhani ni uzee tu.

Fundi Mabawa

Hapo juu ya kipimo cha upeo, kwenye 737, kuna herufi ndogo za kijani. Otopailoti ikikamata zinasomeka CMD. Isipokamata zinabaki FD, na wewe bado ndiye dereva. Kitufe umekibonyeza, sawa, lakini soma herufi. Ukishazisoma, msubiri mwenzako naye azisome kwa sauti. Asipojibu, usiachie.

Mwalimu wako mpelekee soda. Mimi naenda kufungia kuku, kuna kicheche.